Nyota ya ncha 8 kwenye blanketi la viraka: vipande vinakatwaje?

Swali: Wadau, bloku (mraba mmoja wa blanketi) ni inchi 12. Nikishona, ncha za nyota hazikutani. Inajengwaje?

Fundi Viraka: Dada, usiifuate nyota kwa macho, tafuta gridi kwanza. Hiyo nyota inaitwa Ohio Star: miraba 9, tatu kwa tatu, kila mmoja inchi 4 ukishashonwa. Wa katikati na ile minne ya kwenye kona ni mitupu, yaani kipande kimoja kimoja. Kata 5 ya inchi 4½. Minne iliyobaki ina pembetatu nne nne. Chukua miraba 2 ya inchi 5¼ ya rangi ya nyota na 2 ya usuli (rangi ya nyuma ya nyota), kata kila mmoja kona kwa kona mara mbili, kama X. Pembetatu 16.

Mkasi: Ukikata hivyo, upande mrefu wa kila pembetatu unafuata uzi wa kitambaa na bloku haivutiki. Pande fupi ndizo za mshazari, zinazovutika, hivyo kandamiza pasi bila kuisukuma. Mshono robo inchi kamili! Ukizidi, ncha zinamezwa.

Muulizaji: Mishono nilaze wapi?

Fundi Viraka: Shona pembetatu mbili mbili kupata nusu za mraba, kisha laza mshono kwenye rangi nzito, nusu zote mbili. Ukiunganisha nusu hizo, mishono inafungana katikati.