Naomba ushauri: virutubisho vya kondoo wa sufu wanaonyonyesha

Ndugu wafugaji, nafuga kondoo wa sufu aina ya Corriedale huku Molo, Nakuru, ambao hushinda kwenye nyasi na jioni hula mabua ya mahindi. Majike wanaonyonyesha, hasa waliozaa mapacha, wamekonda hadi uti wa mgongo unashikika chini ya sufu, nayo sufu yenyewe hukatika ukiivuta kidogo kwa vidole.

Kwa kuwa sufu huhitaji protini yenye salfa, nafikiria kuwaongezea lusini (majani ya alfalfa) na mashudu ya alizeti kuanzia wiki 6 za mwisho za mimba, wakati mwanakondoo anapokua kwa kasi tumboni na kiwele kinapojiandaa. Je, jike wa kilo 50 apewe kiasi gani kwa siku bila kuharibikiwa tumbo?

Kuhusu madini, muuza dawa za mifugo ananisisitizia jiwe la chumvi la ng'ombe, eti mifugo ni mifugo, ilhali shaba iliyomo huweza kulimbikizana katika ini la kondoo na kumuua. Ninyi mnatumia chumvi gani isiyoongezwa shaba lakini yenye kobalti, ambayo udongo wa sehemu za Nakuru unajulikana tangu zamani kuwa na upungufu wake? Aliyewahi kuwapa molasi yenye yurea anieleze pia alivyoipima.