Volontia wa Kimarekani: nitajuaje kama hana kesi kwao?

Mama_Rau
Hamjambo wapendwa. Nina kituo kidogo cha watoto huku Rau, Moshi. Wengi ni wa chekechea, wachache wanalala hapa hapa. Mwezi ujao napokea volontia, kijana wa Kimarekani. Kakulia Ohio, chuo kasoma Florida, sasa anaishi jimbo la Washington, lile la Seattle. Amenitumia karatasi ya kampuni moja ya mtandaoni: imepekua nchi nzima, hana rekodi ya jinai. Ina muhuri wa bluu, unapendeza kweli. Sasa mpishi wangu, mtoto wa jirani ninayemjua tangu anatambaa, nilimtuma polisi akachukuliwa alama za vidole ndipo akapata hati ya tabia njema. Huyu nisiyemjua hata baba yake nimpokee kwa muhuri wa bluu? Naweza kuangalia mwenyewe nikiwa hapa Moshi?

chalii_wa_sakina
Shikamoo mama. Si unaandika tu jina lake Google, fasta.

Mama_Rau
Marahaba mwanangu. Niliandika. Wakaja daktari wa meno, mcheza besiboli na marehemu mmoja.

Ngarenaro_Juu
Mama, mimi nimeajiri walimu wa kigeni kwenye shule moja hapa Arusha, hizo karatasi nimezishika nyingi. Kampuni za namna hiyo hukusanya data za mahakama na magereza pale zinapopatikana, kisha hutafuta kwa jina. Kaunti ambayo data zake hazikupatikana haimo, lakini karatasi haitakwambia haimo. Itasema hana rekodi.

Kumbukumbu za nchi nzima zinazotegemea alama za vidole ziko FBI, na FBI haimpi mtu baki kama wewe na mimi. Kijana mwenyewe ndiye anaomba muhtasari wa rekodi yake, ada ni dola 18. Akiwa bado kwao, kuna ofisi za posta zinazochukua alama kwa mashine. Afanye hivyo kabla ya kupanda ndege, maana akishafika huku ni kadi ya wino na bahasha ya kwenda West Virginia, kwa hao FBI, mtasubiri mpaka mchoke. Na asikutumie picha ya majibu. Akufungulie mkiwa kwenye simu ya video, uone mwenyewe.

Hapo bado. Kesi nyingi za jinai kule husikilizwa na majimbo, na kwa kesi hizo FBI ina kile tu majimbo yalichopeleka. Unaweza kukuta mtu alikamatwa, halafu hukumu haionekani. Kwa hiyo mfuate kila alikoishi. Washington wana huduma ya polisi wa jimbo inaitwa WATCH, Florida ni FDLE, idara ya jimbo ya mambo ya polisi. Zote mbili mtu yeyote analipa mtandaoni na kutafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Ohio muulize aliishi kaunti gani, kisha uingie tovuti ya karani wa mahakama ya kaunti hiyo, nyingi ni bure. Shukuru hakutokea California, kule rekodi ya jimbo hupewa mwenyewe au taasisi zilizoruhusiwa na sheria.

dada_wa_ughaibuni
Mama shikamoo. Kwa kuwa ni watoto, mimi ningeanzia NSOPW. Ni tovuti ya wizara yao ya sheria, bure, inatafuta kwa mpigo kwenye sajili za wenye makosa ya ngono za majimbo yote. Weka na majina yake ya zamani kama anayo. Ila usilale: Washington hiyo hiyo haiwaanikii wote wa daraja la kwanza, yaani wanaohesabiwa kuwa na hatari ndogo. Na kesi ambazo mahakama imeamuru kumbukumbu zake zifichwe, au za utotoni, kwa kawaida huzioni popote.

Mama_Rau
Marahaba. Lakini hataona namdhalilisha? Amejilipia nauli mwenyewe, na watoto nimeshawaambia anakuja.

Ngarenaro_Juu
Mama, kwao hata kufundisha mpira wa watoto wikendi mara nyingi wanapekuliwa. Tuliwahi kumwomba mmoja akakasirika, akatuandikia barua ndefu kuhusu imani. Hatukumchukua, na sijui mpaka leo kama alikuwa na lolote. Na hata wa kwako akija na karatasi safi, bweni la watoto asiingie peke yake. Hiyo kwetu ilikuwa ya wote, hadi mwalimu mkuu.

chalii_wa_sakina
Mama kama kulipia huko ni shida, mimi nina kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Nitumie jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa inbox, usiweke hapa.

Mama_Rau
Tarehe sina, ngoja nimwombe. NSOPW nimeingia sasa hivi, majina kama lake yapo mawili, wote wazee wa miaka sitini na kitu. Yeye ana 24. Naenda Ohio.