Muuza sarafu ameniambia nikaokote vizibo vya soda!!!

Kisumu_Dala ameanzisha uzi:

Wadau, mikono inatetemeka hapa, mtanisamehe nikikosea herufi. Yule jamaa wa sarafu za kale, mnamjua, mwenye picha ya simba kwenye profaili na "Mungu Kwanza" chini yake, ameniambia mbele ya grupu nzima nikaokote vizibo vya soda.

Vizibo. Mimi. Mtu na wajukuu wangu.

Aliweka rupia ya Mombasa ya 1888, zile za Kampuni ya Waingereza iliyotangulia serikali yao. Ati fedha safi, imetoka kwa sanduku la marehemu babu yake Lamu. (Juzi babu huyo huyo alikuwa wa Kitale. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa reli. Huyo mzee alizikwa mara ngapi?) Elfu sita na mia tano, na ya kutuma juu yangu. Parseli ikaja na matatu ya usiku, imefungwa gazeti, selotepu na mfuko wa maziwa, hadi nikaifungua kwa panga.

Naitoa, inang'aa kama sufuria ya harusi. Sarafu ya zaidi ya miaka mia moja na thelathini! Nikachukua sumaku ya spika ya redio mbovu. Wadau, ile rupia iliruka. Sisemi ilisogea, iliruka, nusura iondoke na kidole changu. Tangu lini fedha ikashikwa na sumaku? Nikaipeleka kwa sonara mmoja karibu na soko la Jubilee, mizani ikasoma gramu nane na kitu. Ya kweli ni gramu 11.66. Akanipa kioo chake nitazame ukingoni: kuna mstari mwembamba umezunguka pande zote, pale nusu mbili zilipokutana, na kando ya herufi kuna vishimo vidogo vidogo vya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Sonara hakusema kitu. Alinirudishia tu akaendelea na chai yake.

Nikaandika kwa grupu kwa heshima zote: "Kijana wangu, hii kitu inashikwa na sumaku, naomba unirudishie pesa." Akajibu kwa sauti. Nyuma yake kuku wanalia. "Mzee wangu, hii hobi ni ya wenye pesa. Wewe okota tu vizibo vya soda, navyo ni mviringo." Akacheka. Wengine nao wakacheka, hata wale niliowasaidia kutambua senti zao bure. Halafu akanitoa kwa grupu.

NAVYO NI MVIRINGO!!!

Mimi nina senti kumi za shimo za King George wa tano na wa sita, zimepangwa kwa miaka. Mimi!

Mtu anayeuza sarafu aweke picha ya pande zote mbili na ukingo, aweke uzito, aseme ukirudisha inakuwaje. Huyu picha yake ni moja, ukungu mtupu, na dole gumba limekalia mwaka. Lakini hayo yote ningemwachia Mungu. Vizibo siachi. Mke wangu ameisikia ile sauti. Ameomba airudie.

Njoro_Ngano: Pole sana mzee. Swali tu: ulilipa kabla ya kuiona?

Kisumu_Dala: Hilo si swali la leo. Swali la leo ni vizibo.

Mtoto_wa_Kondele: Omera, naulizia rafiki yangu, vizibo vya Fanta na vya Stoney vina bei moja?

Kisumu_Dala: Wewe nitakupata Kibuye Jumapili.

Shujaa_Section58: Namjua vizuri sana huyo. Mimi aliniuzia "sarafu adimu ya mfalme aliyekimbia kiti", senti kumi ya 1936. Ati Edward wa Nane hakumaliza hata mwaka, kwa hivyo zimebaki za kuhesabu. Kumbe sura yake haimo kabisa, ni shimo katikati na jina pembeni, na zilitengenezwa nyingi ajabu! Nikampelekea nyanya yangu Molo aone mjukuu ametajirika. Akaingia ndani, akatoka na kopo la kakao, akanimwagia mezani zingine. "Beba hizi pia, zinanijazia kabati."

Kisumu_Dala: Yako angalau ni ya kweli. Na hukuambiwa vizibo.

Shujaa_Section58: Nyanya alisema mabaya zaidi.

Reli_Magharibi: Jamaa hajui hata kudanganya. Mimi alinipa shilingi ya simba ya 1922, ati babu alilipwa nayo siku reli ilipofika Kisumu. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence! Watu walikuwa wanatumia rupia, na shilingi zimeanza 1921. Babu alilipwa mshahara wa miaka ishirini mbele? Na hiyo "fedha tupu" yake, shilingi za miaka hiyo zina robo tu ya fedha. Nilipomuuliza akasema nimesoma sana.

Mulembe_Kakamega: Msinichekeshe. Mimi nilinunua riale ya Maria Theresa, yule mama aliyetawala Austria, imeandikwa 1780. Nikaipeleka hadi kanisani, nikawaambia wazee nina kitu cha 1780. Baadaye ndio nasikia zimepigwa na mwaka huo huo miaka nenda rudi baada ya huyo mama kufariki, hata karne ya 20. Padri bado ananiita Bwana 1780.

Njoro_Ngano: Hiyo si hasara lakini. Kama ina gramu 28 huenda ni fedha ya kweli, iuze.

Mulembe_Kakamega: Sasa nitamwambia nini padri?

Binti_Bungoma: Nyinyi mnalia wauzaji, njooni muone wanunuzi. Shangazi yangu aliona tangazo: anayo shilingi 40 yenye sura ya Kibaki, ile ya 2003 ya miaka 40 ya Uhuru, atalipwa milioni moja. Kwanza atume elfu mbili ya usajili. Akatuma. Halafu ya cheti. Akatuma. Halafu ya bima ya gari la kubeba pesa!! Shangazi amefagia kiwanja chote gari lipate pa kugeukia.

Mtoto_wa_Kondele: Gari limefika?

Binti_Bungoma: Namba haipatikani. Kiwanja ni safi.

Kisumu_Dala: Pole kwa shangazi, lakini aliambiwa vizibo? Hapana. Turudi kwa uzi.

Mama_Vifaranga: Afadhali sarafu, haili. Mimi niliagiza vifaranga mia moja vya kutaga, mtandaoni, muuzaji yuko Naivasha, picha nzuri, maneno matamu, "mama usijali". Nimelisha, nimechanja, nimekesha na jiko la makaa. Sasa vimekua. Vyote vinawika.

Reli_Magharibi: Vyote???

Mama_Vifaranga: Kuanzia saa kumi ya usiku. Majirani wamenipeleka kwa chifu.

Shujaa_Section58: Chifu alisemaje?

Mama_Vifaranga: Alikula mmoja, akaahirisha kesi.

Kisumu_Dala: Jameni. Vizibo.

Njoro_Ngano: Mama, hao majogoo unauza? Tuna harusi huku Njoro Jumamosi.

Mama_Vifaranga: Mia nane mmoja, usafiri juu yako.

Njoro_Ngano: Mia sita, nachukua ishirini.

Mama_Vifaranga: Mia saba, na uje na magunia yako.