Mrejesho: mashine ya kutafuta maji ardhini huku Mikindani

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini kwenye mafunzo yetu mashine ya kupima ukinzani wa umeme ardhini (yaani ardhi inavyozuia umeme kupita, ikizuia kidogo huenda kuna maji) inaleta namba za ajabu kwenye mchanga mkavu. Mlionambia tumwagie maji ya chumvi kwenye vigingi vya chuma asanteni sana, tumevigongelea vizuri na nyundo tukamwaga, namba zikatulia palepale, basi tukawa tunatanua nafasi kati ya vigingi ili umeme ushuke chini zaidi, waya umefika mpaka kwenye mikorosho ya watu (mbuzi wanaukanyaga tu), ukinzani ukaporomoka. Vijana wakashangilia, maji hayo! Mkufunzi akasema tulieni, huku pwani yanaweza kuwa maji ya bahari au hata ni udongo wa mfinyanzi tu, navyo vinapitisha umeme vizuri. Kesho tunapima chumvi visima vya jirani tulinganishe.