Nimekabidhiwa majengo na viwanja vyake, kila siku nakimbizana na vilivyoharibika. Nianzie wapi?

Mlinda Majengo:
Wakuu habarini. Nilikuwa fundi umeme, sasa nimepewa usimamizi wa majengo matatu: lifti, jenereta, matangi ya maji, bustani, usafi, vyote juu yangu. Aliyenitangulia hakuacha hata karatasi. Asubuhi simu zinaanza: choo kimeziba, kiyoyozi kinachuruzika, kitasa kimekatika. Bosi anataka mpango wa mwaka na bajeti. Kazi hii naipenda na nataka niiweze. Nisaidieni.

Fundi wa Zamani:
Hongera mkuu. Kwanza tembea. Shika daftari, anzia paani ushuke hadi chini. Kila mashine iandike: iko wapi, namba yake, umri, ilihudumiwa lini. Bila orodha hiyo, bajeti ni kubahatisha tu. Ukiwa paani, chungulia midomo ya mabomba ya kushushia maji ya mvua. Majani yakijaa pale maji yanatuama, yanapenya taratibu, halafu doa linajitokeza darini mbali kabisa na yalikoingilia. Watu hupaka rangi doa, mvua ikinyesha tena linarudi.

Dada Usalama:
Sawa, ila mimi ningetanguliza vinavyoua. Milango ya dharura ifunguke bila kutafuta ufunguo. Mitungi ya kuzimia moto ikague kila mwezi: mshale uwe kwenye kijani, pini na lakiri viwepo. Maji ya moto kwenye tangi yasishuke chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, maana bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia kali, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Vyumba visivyo na watu, mabomba yafunguliwe kila wiki maji yatiririke. Na lifti isiguswe na asiye na sifa, hata akisema anaijua.

Mzee wa Dizeli:
Jenereta usiridhike kuiwasha dakika chache ikiwa tupu, yaani bila mzigo wa vifaa vinavyotumia umeme wake. Injini ya dizeli isipobeba mzigo haipati joto la kutosha, na mafuta yasiyoungua yanaganda kwenye ekzosi. Mara moja kwa mwezi ipe nusu saa yenye mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake.

Mlinda Majengo:
Asanteni sana, kesho napanda paani. Je, bosi akikataa pesa za matengenezo?

Fundi wa Zamani:
Mpelekee kumbukumbu, si malalamiko. Kila simu iandikwe: tarehe, mahali, tatizo, gharama. Akiona choo kilekile kinalipiwa kuzibuliwa kila mara, utazungumza naye vizuri. Hicho choo chenyewe nina wasiwasi nacho. Fungua chemba za nje, mizizi ya miti hupenda kuingia kwenye maungio ya mabomba ya majitaka. Muulize mtunza bustani ni mti gani uko karibu na bomba hilo, kabla hujamwita fundi tena.