Binti yangu anaandika mashairi kwa siri. Nimpe vitabu gani vya hadithi za kishairi?

MamaTausi

Habari za jioni ndugu zangu. Nina jambo linanikaa moyoni wiki ya pili sasa, na hapa nyumbani sina wa kumweleza.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, ana miaka 16. Alipokuwa mdogo hakuwa anakula bila kitabu pembeni ya sahani. Tangu aingie sekondari anasoma vya shule tu, tena kwa kununa. Juzi nilikuwa natoa godoro lake nilianike juani, likadondoka daftari. Nilidhani la hesabu. Kumbe limejaa mistari mifupi mifupi. Nikasoma.

Mengi ni ya bibi yake, mama yangu, tuliyemzika mwaka jana. Kuna mahali kaandika juu ya kanga ambayo bibi aliianika asubuhi ile, ikakauka, na aliyekuja kuianua hakuwa aliyeianika. Nilikaa pale sakafuni nikalia peke yangu.

Ukurasa huohuo una maandishi ya kalamu nyekundu. Inaonekana aliwahi kuupeleka kwa mwalimu wake. Mwalimu kaandika: "Hakuna vina, hakuna mizani. Hili si shairi." Kurasa zote zinazofuata ni nyeupe.

Mimi ni fundi cherehani, fasihi niliiacha darasani zamani. Nataka kumnunulia kitabu, lakini si cha kuchambua kwa ajili ya mtihani. Nataka hadithi, yenye watu na mambo yanayotokea, ila imeandikwa kishairi. Je, vitabu vya namna hiyo vipo kwa umri wake? Na je, nimwambie kuwa nimelisoma daftari?

Bint_Amu

Pole sana kwa msiba, mamangu, Mungu amrehemu bibi.

Vipo, na vimekuwapo kwetu karne nyingi. Hadithi ndefu ya kishairi ndiyo utenzi. Huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga utenzi wa Tambuka mwaka 1728, vita kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini huo usianze nao, ni mrefu na Kiswahili chake ni cha kale mno.

Anza na Fumo Liyongo, shujaa wa visa vya pwani yetu. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913, na visa vyenyewe ni vya zamani zaidi. Liyongo amefungwa gerezani Pate. Mamake anamletea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, Saada, na walinzi wanakila kizuri chote mlangoni. Basi Liyongo anamwimbia Saada ujumbe wa mafumbo ampelekee mama: afanye mkate, katikati atie tupa. Mama anaelewa. Anaoka mkate wa wishwa, ule wa makapi ambao mlinzi hawezi kuutamani, na kweli wanaudharau, unamfikia mwanawe mzima. Kisha Liyongo, akijua atauawa, anaomba kitu kimoja cha mwisho, achezewe ngoma ya gungu. Ngoma inalia nje, watu wanaimba, naye ndani anakereza pingu, hakuna anayesikia tupa.

Niambie mtoto gani wa miaka 16 atakiweka kitabu hicho chini hapo.

Kitafute *Tenzi Tatu za Kale*, kilichohaririwa na Mulokozi na kutolewa na TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Dar es Salaam, mwaka 1999. Ndani mna Liyongo, Mwana Kupona na Al-Inkishafi pamoja. Ukifika Al-Inkishafi usimharakishe, ni huzuni ya mji uliokufa, inataka mtu aliyetulia.

Mwalimu_Mstaafu

Mama Tausi, nimefundisha Kiswahili miaka 31, na mstari ule wa kalamu nyekundu umeniumiza. Nami nimewahi kuandika kama ule kwenye madaftari ya watoto wa watu, nikidhani nawasaidia.

Tuwe wakweli kuhusu vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni, na mizani, yaani hesabu ya silabi, kwa sababu binti ataulizwa. Utenzi una utaratibu wake: mishororo minne katika kila ubeti, mizani minane katika kila mshororo, mitatu ya mwanzo inashirikiana kina kimoja, na wa nne una kina kinachorudi beti zote hadi mwisho wa hadithi. Yule wa nne ndio unaomvuta msikilizaji, maana sikio linajua kitakachokuja ila halijui kwa neno gani. Ni ufundi mkubwa na anastahili kuufahamu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alituandikia sheria hizi kitabu kizima mwaka 1954.

Lakini hiyo si milki yote ya ushairi. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alitoa *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, kwa lugha ambayo watu wanazungumza. Wazee wa mapokeo walimpinga vikali miaka ile. Leo tunamfundisha. Kwa hiyo shairi la kanga ni shairi, na mwambie limesemwa hivyo na mwalimu.

Mnunulie *Kichomi* pamoja na hizo tenzi. Akiona vyote viwili juu ya meza moja atajua pana nafasi yake.

Malenga_Tanga

Shikamoo mwalimu. Naheshimu uliyoyasema, ila nina wasiwasi. Tukiwaambia watoto kila mistari mifupi ni shairi, nani atabaki anajua kutunga? Babu yangu alikuwa anatunga akiwa anachonga mtumbwi, hana karatasi, hana kalamu, na usiku anatoa beti arobaini bila kukosea kina hata kimoja. Vina ndivyo vilivyomwezesha kukumbuka. Mimi nasema binti ajifunze bahari za mapokeo, yaani aina za mashairi ya jadi, kwanza, uhuru aje nao baadaye.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo kwa babu umesema neno zito, kina ni kumbukumbu. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza hivyo nikiwa mwanafunzi, nilipewa kuhesabu tu. Mweleze binti wa watu hivyohivyo ulivyotueleza, atavipenda vina mwenyewe. Ila kwanza aandike kuhusu bibi yake namna anavyoweza. Mfiwa haulizwi mizani.

Kidato4_Kilifi

Shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi, natahiniwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, mwaka huu, naomba niseme upande wetu.

Ushairi kwetu uko Karatasi ya Tatu. Tunasoma majina ya sehemu za mshororo na ya mbinu za kufupisha au kubadili maneno: ukwapi, utao, mwandamo, ukingo, inkisari, tabdila. Naweza kukutajia zote usingizini. Lakini kuna siku mwalimu wa zamu hakuja na mwenzetu mmoja akatusomea kwa sauti *Sauti ya Dhiki*, darasa likanyamaza. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi aliyoandika kuipinga serikali, na alipoingia alikuwa na miaka 22 tu. Aliyaandika mashairi hayo mle gerezani, juu ya karatasi za chooni. Nilipojua hivyo niliacha kuuliza hizi mizani ni za nini. Mtu anaandika gizani, lazima awe na kitu cha kushika.

Mama, ana pia *Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa*, ulitoka 1971. Huo ni hadithi moja kwa moja kama unavyotaka. Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, kidogo kitamsumbua mtoto wa bara, lakini akisoma kwa sauti kinafunguka.

Na tafadhali msimpe maswali baada ya kusoma. Kila kitabu tunachopewa kina maswali nyuma.

Msafiri_Minnesota

Dada MamaTausi, niko Marekani na ninafanya kazi maktaba ya shule. Huku riwaya za kishairi za vijana zina rafu yake, na watoto waliogoma kusoma ndio wanaozichukua. Sababu moja ni ya macho tu: ukurasa una nafasi nyingi nyeupe, hautishi. Mtoto anamaliza kitabu cha kurasa 300 kwa siku mbili na anajiona msomaji tena.

Kama Kiingereza chake kinamruhusu, nataja viwili. *Long Way Down* cha Jason Reynolds, 2017: kijana wa miaka 15 anashuka kwenye lifti akiwa na bastola, anaenda kulipiza kisasi cha kaka yake. Hadithi nzima ni dakika moja, na kila ghorofa lifti inasimama, anaingia mtu aliyekwisha kufa.

Cha pili ni *The Poet X* cha Elizabeth Acevedo, 2018, kilichopata tuzo ya National Book Award. Msichana wa Harlem, wazazi wake wametoka Jamhuri ya Dominika, anaandika mashairi kwenye daftari analomficha mama yake. Hiki, dada, ukisome wewe kwanza. Mama yule analikuta daftari na kulichoma moto. Mwaka jana niliwahi kumwona mama mmoja wa Kisomali akikisoma pale maktaba akiwa amesimama, hakukaa hadi alipofika ukurasa huo. Wewe ulilia sakafuni. Umeshatofautiana na mama yule wa kitabuni.

Bint_Amu

Narudi kwa swali la pili ambalo watu wamelikwepa. Mimi nasema mwambie. Ukimficha, siku atakayojua atahamisha daftari na moyo pamoja nalo.

Na kuna njia ya kumwambia. Mwana Kupona wa Siyu alikuwa mgonjwa mwaka 1858, akamtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wasia. Unaanza hivi: *Negema wangu binti, mchachefu wa sanati, upulike wasiati, asaa ukazingatia.* Sogea karibu binti yangu, mchache wa ujuzi, usikilize wasia, huenda ukauzingatia. Mausia yake mengine, hasa ya mke kumtii mume, binti wa leo atayapinga, na ni haki yake ayapinge, mkae mbishane. Ila hilo neno la kwanza, negema, lichukue kama lilivyo. Shaaban Robert naye alimwandikia binti yake *Utenzi wa Hati*, umo ndani ya *Maisha Yangu*. Wazazi wetu walikuwa wakisema na watoto wao kwa ushairi. Wewe na wako mnaanzia palepale.

MamaTausi

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku tisa. Asanteni, nimesoma kila neno, mengine mara tatu.

*Tenzi Tatu za Kale* nimekipata kwa muuza vitabu vya mtumba, jalada limechanika lakini kurasa zote zimo. *Kichomi* bado natafuta, mwenye kujua duka anijulishe.

Jumamosi umeme ulikatika. Nikawasha taa ya chemli, nikaanza kumsomea Liyongo kwa sauti. Nilikuwa nakosea maneno, nikaona ananisogelea aone ukurasa. Tulipofika kwenye mkate akaniuliza tupa ni nini. Nikamtuma nje kwenye sanduku la vifaa vya baba yake, tupa ile anayonolea jembe. Akarudi nayo, akaipitisha kidole, akaiweka juu ya mkono wake kuipima urefu. Akasema, "Mama, mkate wa kuficha hii lazima uwe mkubwa. Huyo mama alikuwa anatetemeka akiuoka." Akachukua kitabu akaendelea kusoma yeye.

Baadaye nikamwambia kuhusu daftari. Alikasirika, sitawadanganya. Akaniuliza nimesoma hadi wapi. Nikamwambia hadi kwenye kanga, na nikamweleza alichosema mwalimu mstaafu. Hakujibu. Asubuhi nilipoamka kwenda kwenye cherehani nilikuta daftari juu ya meza yangu ya kukatia, limefunguliwa ukurasa mpya. Amempa sauti mama yake Liyongo, anakanda unga usiku na anaongea na unga. Beti tatu za mwanzo zina vina vya utenzi kabisa, nimehesabu kwa vidole, minane minane. Ya nne haina kina chochote, mistari inakatika ovyo, ndipo hapo anapoitia tupa.

Malenga_Tanga, ameuliza kama babu yako alikuwa anatunga kabla ya kuanza kuchonga au wakati mtumbwi unaendelea. Anasubiri jibu.

Malenga_Tanga

Mwambie ni wakati wa kuchonga. Alikuwa anagonga shoka, anasema mshororo, anagonga tena. Akikosa neno anaacha kugonga. Sisi watoto tulijua kakwama kwa ule ukimya. Na hizo beti nne, mama, kama ataridhia, naomba uziweke hapa nizisome.

MamaTausi

Nimemuuliza. Amesema bado hajamaliza, mama wa Liyongo hajautoa mkate jikoni.