Naomba ushauri: Je, ni salama kuzima Hyper-Threading kwenye prosesa?

Mhariri_Sinza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina studio ndogo Sinza, ambako nahariri video za harusi na mahafali. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, nayo ina prosesa ya Intel Core i7-7700 yenye viini 4 na nyuzi 8. Tangu joto la Januari lianze, kila ninapotoa video ndefu kuwa faili kamili (export) prosesa hufika sentigredi 91, na feni huunguruma hadi mteja aliyeketi chumba cha pili huuliza kulikoni.

Rafiki yangu amenishauri niingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, nizime Hyper-Threading, kipengele kinachokipa kila kiini nyuzi mbili za kazi, kwa maelezo kwamba joto litapungua na mashine itakuwa salama zaidi dhidi ya wadukuzi. Ninachohofia ni kuiua prosesa au kupoteza kazi za watu, kwa kuwa ndani ya diski zimo harusi tatu ambazo sijazikabidhi, na harusi ya mtu hairudiwi ili ipigwe upya. Je, jambo hili ni salama?

Fundi_Mabibo:

Mkuu, kuzima Hyper-Threading hakuharibu prosesa, hakugusi diski, na ukibadili mawazo unarudi BIOS kuiwasha tena. Kiini cha prosesa kifananishe na mama lishe mwenye jiko moja anayepokea oda kwa madirisha mawili, yaani nyuzi mbili: wakati wali wa dirisha la kwanza unaiva, yeye anashughulikia chai ya dirisha la pili, hivyo jiko halikai bure. Ukizima kipengele hiki umefunga dirisha la pili tu, maana jiko ni lilelile. Windows itakuonyesha nyuzi 4 badala ya 8.

Hasara yake ni mwendo. Kutoa video ni kazi inayotumia nyuzi zote kwa pamoja, kwa hiyo wewe utaumia kuliko mtu anayeandika barua au anayecheza michezo, ambayo baadhi yake haitaona tofauti yoyote. Tahadhari yangu ni moja: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data, tafuta ufunguo wake wa dharura kabla ya kugusa BIOS, kwa sababu mabadiliko ya huko wakati mwingine huifanya Windows iuombe.

Seva_Posta:

Naomba niongezee kuhusu usalama, kwa kuwa rafiki yako hakusema uongo ingawa ameupeleka ukweli mahali usipohitajika sana. Nyuzi mbili za kiini kimoja zinatumia hifadhi ndogo ya haraka iliyo moja, na watafiti walionyesha kwamba programu iliyo kwenye uzi mmoja inaweza kunusa data ya uzi wa jirani. Udhaifu wa Foreshadow ulitangazwa Agosti 2018, na ule wa ZombieLoad Mei 2019. Watengenezaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD waliamua kuzima kipengele hiki kwa chaguo-msingi tangu Juni 2018, na Apple ilipotoa maelekezo ya kukizima kwenye kompyuta za Mac mwaka 2019 ilionya kwamba kasi inaweza kushuka hadi asilimia 40.

Hatari hiyo ni kubwa kwa seva zinazoendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja) za wateja wasiojuana. Mimi nasimamia seva za namna hiyo, na nimezima Hyper-Threading bila kusita kwa kuongeza neno nosmt kwenye mipangilio ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Kwa studio yenye mtu mmoja anayeendesha programu zake mwenyewe, masasisho ya mfumo na ya kivinjari yanatosha.

Binti_Kigamboni:

Samahanini wakuu, naona swali kubwa zaidi halijaulizwa: BIOS ya mashine hiyo ni ya tarehe gani? Juni 2017 watu wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, walitoa onyo kwamba prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba zilikuwa na kasoro ambayo, Hyper-Threading ikiwa imewashwa, ingeweza katika mazingira fulani kuharibu data au kuifanya mashine ifanye mambo yasiyotabirika. i7-7700 ni ya kizazi cha saba. Dawa yake ni maikrokodi mpya, yaani maagizo ya ndani ya prosesa ambayo huja na sasisho la BIOS, lakini ukinunua mashine iliyotumika huna hakika kama mwenye nayo wa awali aliwahi kuisasisha. Kwa hiyo kaka, umeogopa kuizima, ilhali kwa prosesa hii cha kuogopa ni kuiacha imewashwa bila sasisho, hasa ukiwa na harusi za watu mle ndani.

Nakili kwanza kazi hizo kwenye diski ya nje. Zima Hyper-Threading kwa muda, kisha sasisha BIOS kwa faili la mtengenezaji wa kompyuta yako huku mashine ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba), kwani umeme ukikatika katikati ya hatua hiyo ndipo bodi inaweza kufa kweli. Ukimaliza, iwashe tena.

Fundi_Mabibo:

Hilo nililipita, ahsante dada. Na kuhusu joto, mkuu, fungua mashine usafishe vumbi na ubadilishe peisti iliyo juu ya prosesa, kwani iliyowekwa tangu 2017 itakuwa imekauka.

Mhariri_Sinza:

Nimerudi baada ya siku nne. BIOS ilikuwa ya Februari 2017. Nilinakili harusi zote tatu, nikazima Hyper-Threading, na video ambayo hutumia dakika 52 ikatumia dakika 67, huku joto likishuka hadi 84. Kisha nikasasisha BIOS kama dada alivyoelekeza, nikasafisha feni, nikaweka peisti mpya na kuiwasha tena Hyper-Threading. Sasa video ileile inatoka kwa dakika 50, na prosesa haivuki sentigredi 75. Harusi ya kwanza nimeikabidhi leo asubuhi. Nawashukuru sana.